Msukosuko mmoja, familia tofauti: ndoa na uzazi nchini Kazakhstan, 1989 hadi 1999

Mwaka 1987 Kazakhstan, ambayo wakati huo ilikuwa mojawapo ya jamhuri 15 za Muungano wa Kisovyeti, iliandikisha watoto wachanga wapatao 417,000. Mwaka 1999, ikiwa nchi huru, iliandikisha takriban 217,000. Ndoa zilizosajiliwa, ambazo mwaka 1990 zilizidi 160,000, nazo zilikuwa zimeshuka chini ya 90,000. Takwimu hizi hutajwa mara kwa mara kama ushahidi kwamba watu wakipatwa na dhiki huacha kuoana na kuzaa, na kwa sehemu ndivyo ilivyokuwa. Hata hivyo jumla ya nchi nzima huficha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa hiki, yaani kwamba jamii zilizoishi katika nchi moja, chini ya sheria moja na katika uchumi uleule ulioporomoka, hazikuachilia kitu kilekile. Wapo walioahirisha harusi, wapo walioishia kwenye mtoto mmoja, na wapo walioendelea kuoa kama kawaida lakini wakaacha kuzaa mtoto wa nne. Nitajaribu kuonyesha kwamba tofauti hizo zilitokana kwa kiasi kikubwa na mambo mawili: nani alisimama nyuma ya wanandoa pale mshahara ulipokosekana, na kama wanandoa hao waliona kwamba maisha yao ya baadaye yako katika nchi ile.

Watu waliokutanishwa na historia ngumu

Ili kuelewa tofauti za miaka ya 1990 ni lazima kukumbuka jinsi Kazakhstan ilivyopata kuwa nchi ya jamii nyingi. Njaa ya mwaka 1930 hadi 1933, iliyoletwa na sera ya kuwalazimisha wafugaji wahamaji kuingia katika mashamba ya pamoja, iliua watu wapatao milioni 1.5, wengi wao Wakazaki, na wengine wengi wakakimbilia nchi jirani. Mwaka 1937 Wakorea wa Mashariki ya Mbali walihamishwa kwa nguvu na kuletwa Asia ya Kati. Mwaka 1941 wakafuata Wajerumani wa mto Volga, na mwaka 1944 Wachechnya na Waingushi. Kuanzia mwaka 1954, kampeni ya kulima ardhi isiyowahi kulimwa iliwaleta Warusi na Waukraine kwa maelfu katika nyika za kaskazini. Matokeo yake ni kwamba sensa ya mwaka 1989 iliwakuta Wakazaki wakiwa asilimia 39.7 tu ya wakazi wa jamhuri iliyobeba jina lao, Warusi wakiwa asilimia 37.8, Wajerumani karibu asilimia 6 na Waukraine zaidi ya asilimia 5.

Jamii hizi hazikuchanganyika sawasawa katika makazi. Asilimia 77 ya Warusi waliishi mijini, ilhali kwa Wakazaki ni asilimia 38 tu. Miji ya viwanda na migodi kama Karaganda na Ust-Kamenogorsk ilikuwa ya Kirusi kwa lugha na kwa sura, na mashamba ya dola ya ufugaji kusini na magharibi yalikuwa ya Kikazaki. Ndoa za mchanganyiko zilikuwepo kwa wingi, zaidi ya familia 1 kati ya 5, lakini nyingi ziliwaunganisha Warusi, Waukraine na Wajerumani wao kwa wao. Ndoa ya Mkazaki na Mrusi ilikuwa adimu zaidi, na ilipotokea mara nyingi mume alikuwa Mkazaki. Ndiyo maana watafiti wengi wa eneo hili huwaweka Warusi, Waukraine na Wajerumani katika kundi moja la watu wenye asili ya Ulaya, nami nitafanya hivyo pale inapofaa.

Familia kabla ya kuporomoka

Msomaji anaweza kutarajia kwamba Wakazaki, kwa kuwa walizaa zaidi, walioana pia mapema zaidi. Sivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya mwisho ya Usovyeti mwanamke wa Kirusi aliolewa akiwa na miaka 20 au 21, umri uleule wa mwenzake wa Kikazaki au hata chini kidogo. Kuoa kulikuwa jambo la karibu kila mtu katika jamii zote mbili. Mtoto wa kwanza naye alikuja haraka kwa wote, mara nyingi kabla ya mwaka wa pili wa ndoa. Hadi hapo familia ya Kirusi ya Karaganda na familia ya Kikazaki ya Kyzylorda, kusini mwa nchi, zilifanana, na zilitengana baada ya hapo tu: ya kwanza iliishia kwa watoto wawili, au mmoja, na ya pili iliendelea hadi wanne au watano, ingawa hata hiyo ilikuwa imeshapungua sana ikilinganishwa na miaka ya 1960, wakati mwanamke wa Kikazaki alipozaa kwa wastani watoto zaidi ya 7.

Nyuma ya tofauti hiyo kulikuwa na namna mbili za kulea. Familia ya Kirusi ya mjini ilikuwa ndogo na iliitegemea dola kwa karibu kila kitu: nyumba iliyotolewa na kiwanda, chekechea ya kiwanda, likizo ya uzazi yenye malipo iliyopanuliwa kwa amri ya mwaka 1981. Bibi mzaa mama alisaidia, na msaada wake ulikuwa mkubwa, lakini mara nyingi alikuwa peke yake. Familia ya Kikazaki nayo ilitumia huduma hizohizo ilipozipata, ila ilikuwa na nguzo nyingine ambazo Usovyeti haukuziondoa. Mwana kitinda mimba alibaki katika nyumba ya wazazi na mkewe akawa mkono wa mama mkwe. Kifungua mimba wa mwana mara nyingi alilelewa na babu na bibi kana kwamba ni mtoto wao. Ukoo ulihesabiwa hadi vizazi saba, na kijana hakuruhusiwa kuoa ndani ya vizazi hivyo, kwa hiyo kila ndoa ilifungua undugu na ukoo mwingine kabisa. Mahari ilikuwa imepigwa marufuku tangu miaka ya 1920, lakini zawadi kati ya koo, mifugo na karamu kubwa iitwayo toi viliendelea kwa majina mengine.

Mfumo huu wa pili ulikuwa na gharama zake pia, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake vijana. Mke mpya aliyeingia nyumba ya wakwe alifanya kazi tangu alfajiri, na idadi ya watoto wake haikuwa uamuzi wake peke yake. Ninasema hivi kwa sababu ni rahisi kuusifu undugu wa familia kubwa na kusahau ni mikono ya nani iliyoubeba.

Kilichovunjika

Januari 1992 Urusi iliachia bei za bidhaa zipande zenyewe, na Kazakhstan, iliyokuwa bado ikitumia rubo, sarafu ya Kisovyeti, haikuwa na njia ila kufuata. Akiba za maisha zikayeyuka kwa mfumuko wa bei uliozidi asilimia 1,000 kwa mwaka. Sarafu mpya, tenge, ilianza kutumika Novemba 1993. Kufikia mwaka 1995 pato la taifa lilikuwa limepungua kwa zaidi ya theluthi moja kutoka lilipokuwa mwaka 1990. Viwanda vilisimama kwa kuwa wanunuzi na wauzaji wa malighafi walikuwa sasa ng'ambo ya mipaka mipya, mishahara na pensheni zilicheleweshwa kwa miezi, na miji midogo iliyojengwa kuzunguka kiwanda kimoja ilikaa majira ya baridi bila kupashwa joto. Umri ambao mtoto wa kiume angetarajiwa kuishi ulishuka kutoka miaka kama 64 mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi karibu 58 katikati ya muongo uliofuata. Vifo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi, hasa katika miji ya viwanda, viliacha wajane vijana wengi, jambo ambalo lenyewe lilikata vizazi, yaani watoto ambao wangezaliwa.

Mambo mawili katika kuporomoka huku yaligusa ndoa na uzazi moja kwa moja, na kila moja liligusa jamii moja zaidi ya nyingine.

La kwanza ni chekechea. Mwaka 1991 nchi ilikuwa na vituo vya kulea watoto wadogo zaidi ya 8,000, na mwishoni mwa muongo vilibaki kama 1,100. Vingi vilikuwa mali ya viwanda na mashamba ya dola, na wamiliki wapya walivifunga au kuviuza kama majengo matupu. Kwa mama wa mjini aliyekuwa akimwacha mtoto chekechea saa mbili asubuhi na kwenda kazini, hili lilimaanisha kwamba mtoto wa pili angemlazimu kuacha kazi wakati ambapo mshahara wake huenda ndio pekee uliokuwa ukiingia nyumbani. Kijijini, ambako bibi, wifi na binti mkubwa walikuwepo, kufungwa kwa chekechea kuliumiza lakini hakukumwondoa mtu wa kumshika mtoto.

La pili ni mifugo. Mashamba ya dola yalivunjwa katikati ya miaka ya 1990, na wanyama wakagawanywa, wakauzwa, wakabadilishwa kwa unga, mafuta na makaa ya mawe, au wakachinjwa kwa kukosa chakula cha majira ya baridi. Kondoo na mbuzi waliokuwa milioni 35 hivi mwaka 1990 walikuwa chini ya milioni 10 mwaka 1999. Harusi ya Kikazaki hulipwa kwa mifugo: farasi wa kuchinjwa, kondoo wa wageni, zawadi za wakwe. Zizi lilipokauka, kijana wa kijijini hakukosa mchumba wala nia, alikosa uwezo wa kufanya toi ambayo ukoo ungeikubali. Wapo waliosubiri miaka. Wengine walifungishwa nikah na mullah mbele ya ndugu wachache na kuchelewa kwenda ofisi ya usajili, kwa hiyo sehemu ya anguko la ndoa katika takwimu ni ndoa zilizokuwepo lakini hazikuandikishwa. Hali hiyo huonekana pia katika ongezeko la watoto waliosajiliwa kama waliozaliwa nje ya ndoa. Kwa Warusi wa mjini ongezeko hilo lilimaanisha zaidi wapenzi wanaoishi pamoja au mama aliyebaki peke yake, na kwa Wakazaki wengi wa vijijini lilimaanisha wanandoa ambao jamii yao iliwatambua kikamilifu.

Tarakimu zinavyosomeka

Chanzo bora tulichonacho kwa kipindi hiki ni tafiti mbili za demografia na afya zilizofanywa nchini humo mwaka 1995 na 1999, ambapo wanawake waliulizwa historia nzima ya ndoa na uzazi wao. Katika utafiti wa kwanza mwanamke wa Kikazaki alikadiriwa kuzaa watoto 3.1 katika maisha yake ikiwa hali ya wakati huo ingeendelea, na mwanamke wa Kirusi 1.7. Katika utafiti wa pili makadirio yalikuwa 2.5 na takriban 1.4.

Wengi huona hapa pengo la kitamaduni na kuishia hapo. Mimi naona jambo lingine kwanza: kushuka kutoka 3.1 hadi 2.5 na kushuka kutoka 1.7 hadi 1.4 ni kupungua kwa karibu moja ya tano kwa kila upande. Kwa uwiano, pigo lilikuwa sawa. Hoja kwamba Wakazaki waliendelea na maisha kama kawaida kwa sababu ya mila, huku Warusi wakikata tamaa, haiwezi kusimama mbele ya tarakimu hizo.

Lakini pigo lililo sawa kwa uwiano halimaanishi kitu kilekile ndani ya nyumba. Ukiwa katika jamii ya watoto watatu, unaweza kupunguza moja ya tano kwa kuchelewesha harusi mwaka mmoja au miwili na kuacha mtoto wa nne, na bado kila mtu akawa na familia inayoitwa familia na majirani. Ukiwa katika jamii ya watoto wasiofika wawili, hakuna mtoto wa nne wa kumwacha. Kinachobaki kukatwa ni mtoto wa pili, na baada yake ni kuwa mzazi kwenyewe. Warusi wa Kazakhstan hawakuacha kwa wingi kuwa na mtoto wa kwanza. Walimzaa, na walimzaa wakiwa bado vijana, kisha wakasimama. Nyumba za mtoto mmoja ndizo alama ya muongo ule katika miji ya kaskazini.

Njia ya kusimama ilikuwepo tayari. Mwaka 1995 karibu wanawake 6 kati ya 10 walioolewa walitumia njia ya kuzuia mimba, na wengi wao walitumia kitanzi, kilichowekwa na mkunga au daktari katika kliniki za serikali tangu enzi za Usovyeti. Utoaji mimba ulikuwa halali na wa kawaida, zaidi kwa wanawake wa Kirusi kuliko wa Kikazaki. Kwa hiyo kushuka kwa uzazi hakukuhitaji teknolojia mpya wala kampeni yoyote, kwa sababu kulitegemea tu wanandoa wengi kuamua kutorudi kliniki kutoa kitanzi.

Kundi la tatu

Uchambuzi unaoishia kwa Wakazaki na Warusi hupotosha, kwa sababu ndani ya Wakazaki wenyewe mlikuwa na mpasuko mkubwa. Wakazaki wa Almaty na miji mingine mikubwa, waliosoma shule za Kirusi na kuongea Kirusi nyumbani, walikuwa wamefuata kwa miongo miwili mwenendo wa uzazi unaokaribia ule wa Warusi. Wakazaki wa vijijini walioishi kwa Kikazaki walikuwa na mwenendo wao. Tafiti nilizozitaja zilitumia madodoso ya lugha zote mbili, na lugha aliyoichagua mwanamke kuhojiwa nayo hueleza mengi kuhusu familia yake kuliko neno lililoandikwa katika kitambulisho chake.

Kundi hili la kati ndilo linalonivutia zaidi. Lilikuwa na mambo ya pande zote mbili: elimu, kazi za ofisini na mazoea ya familia ndogo kama Warusi, lakini pia mjomba mwenye kondoo, mama mkwe aliye tayari kulea, na uhakika kwamba nchi hii mpya ni yake. Sheria ya Septemba 1989 ilikifanya Kikazaki kuwa lugha ya dola. Nafasi serikalini zilifunguka. Mwaka 1993 ulianzishwa mpango wa Bolashak wa kuwasomesha vijana ng'ambo. Mwaka 1997 serikali ilihama kutoka Almaty kwenda mji wa Akmola, ulioitwa Astana mwaka uliofuata, na vijana wenye elimu wakaifuata huko. Kwa msichana wa Kikazaki mwenye shahada, ndoa iliyosubiri ilikuwa na kitu cha kusubiriwa. Kuahirisha kwake kulikuwa kwa namna nyingine na kule kwa kijana wa kijijini aliyekosa farasi wa karamu, na kulikuwa tofauti tena na kwa mwanamke wa Kirusi wa Temirtau, mji wa kiwanda cha chuma, aliyekuwa na mtoto mmoja na mume asiyelipwa. Takwimu ya umri wa kuolewa huwaweka wote katika safu moja, na hapo ndipo mchambuzi anapopaswa kupunguza mwendo.

Wanaoondoka na wanaobaki

Hakuna maelezo ya uzazi wa miaka hii yanayokamilika bila uhamaji. Wajerumani, waliokuwa takriban 957,000 mwaka 1989, walibaki 353,000 mwaka 1999, kwa kuwa sheria za Ujerumani ziliwapa haki ya kurejea kama watu wa asili yake. Warusi walipungua kutoka zaidi ya milioni 6 hadi milioni 4.5. Kilele kilikuwa mwaka 1994, ambapo nchi ilipoteza watu wapatao 400,000 kwa mwaka mmoja baada ya kutoa walioingia. Kwa upande mwingine walirejea Wakazaki kutoka Mongolia, Uzbekistan na kwingineko, wengi wakiwa na familia kubwa, ingawa idadi yao katika muongo huo ilikuwa ndogo ikilinganishwa na walioondoka.

Uhamaji huu uliathiri uzazi kwa njia ya wazi na kwa njia ya siri. Ya wazi ni kwamba walioondoka walikuwa hasa watu wa umri wa kuoa na kuzaa, kwa hiyo watoto wao walihesabiwa Omsk au Novosibirsk nchini Urusi, au Ujerumani. Sehemu kubwa ya anguko la jumla la vizazi ni watu waliokosekana, na anayelisoma lote kama woga wa kuzaa hukosea. Ya siri ni ngumu zaidi kupima na kwa maoni yangu ni nzito zaidi. Familia inayofikiria kuhama haizai, hata kama mwishowe haitahama. Maombi ya visa yanachukua muda, nyumba haiuziki, ndugu mmoja ametangulia na mwingine anaugua, na mwaka unapita, kisha mwingine. Mwanamke aliye na miaka 27 wakati mazungumzo ya kuhama yanaanza jikoni anaweza kuwa na miaka 34 yanapokwisha. Mrusi aliyezaliwa Kazakhstan, ambaye wazazi wake waliitwa kulima nyika kwa sifa na nyimbo, alijikuta ghafla ni mtu wa jamii ndogo katika nchi ya kigeni bila kusogea hatua moja. Katiba ya mwaka 1995 ilikiruhusu Kirusi kutumika rasmi sambamba na Kikazaki, na hakuna vita vya kikabila vilivyotokea, jambo la kushukuriwa sana. Hata hivyo hofu ya mzazi haipimwi kwa ibara za katiba. Hupimwa kwa swali la kama mtoto atakayezaliwa atapata kazi hapa akiwa mtu mzima.

Wapo wanaosema kwamba yote haya yanaelezwa na elimu na makazi ya mjini, na kwamba ukilinganisha Mkazaki na Mrusi wenye shahada moja katika mtaa mmoja tofauti zitatoweka. Hupungua, lakini hazitoweki. Na wanaosema kwamba ni utamaduni tu hawaelezi kwa nini jamii ileile ya Kikazaki ilikuwa na watoto zaidi ya 7 mwaka 1960, ikafika 2.5 mwaka 1999, kisha ikapanda tena. Utamaduni uliokuwepo wakati wote hauwezi peke yake kueleza kitu kinachopanda na kushuka. Naona ni sahihi zaidi kusema kwamba kuwa Mkazaki au Mrusi katika miaka ile kuliamua ni mikono mingapi ingemshika mtoto bila malipo, na ni mlango upi wa kutokea ulikuwa wazi.

Kilichofuata

Kipimo kizuri cha maelezo yoyote kuhusu mgogoro ni kutazama mgogoro unapokwisha. Baada ya mwaka 2000 mafuta yaliinua uchumi, mishahara ikalipwa, na vizazi vikapanda kutoka takriban 222,000 mwaka 2000 hadi karibu 357,000 mwaka 2008. Kuanzia mwaka 2003 serikali ilitoa posho ya mara moja kwa kila mtoto anayezaliwa, na mwaka 2006 ikaongeza posho ya kulea mtoto hadi atimize mwaka mmoja. Posho hizo hazikubagua jamii, lakini mwitikio haukuwa sawa. Kwa Wakazaki, harusi zilizosubiri zilifanyika, tena kwa kishindo kikubwa kuliko kile cha enzi za Usovyeti, na mtoto wa tatu na wa nne akarudi hata katika nyumba za mijini ambazo mwaka 1995 zingeonekana zimekwisha kuzoea watoto wawili. Kwa Warusi uzazi uliongezeka pia, ila kwa kiasi, na ulikuwa zaidi wa mtoto wa pili aliyeahirishwa. Mwanamke aliyekuwa na miaka 33 mwaka 1994 hakuweza kumrudisha.

Kwa hiyo kile kilichoonekana kuwa mwenendo mmoja katika miaka ya 1990 kilikuwa miwili. Wakazaki walikuwa wameuweka uzazi wao kando kwa muda. Warusi wa Kazakhstan walikuwa wakielekea mahali ambapo Urusi yenyewe na nchi nyingi za Ulaya Mashariki zilikuwa zikielekea, na mgogoro uliwafikisha haraka zaidi. Hali ya Kyrgyzstan jirani inafanana, japo umaskini ulikuwa mkubwa zaidi huko na mafuta hayakuwepo: Wakirgizi na Wauzbeki walipunguza kisha wakapanda tena, na Warusi wengi wakaondoka.

Jambo la kushangaza zaidi limekuja hivi karibuni. Wasichana wachache waliozaliwa katikati na mwishoni mwa miaka ya 1990 ndio waliokuwa na miaka 22 hadi 26 mwaka 2021, umri wa kuolewa. Kizazi chao ni kidogo kwa sababu zote nilizozieleza, na kwa hesabu ya kawaida vizazi vilitakiwa vipungue. Mwaka huo nchi iliandikisha vizazi zaidi ya 446,000, vingi kuliko hata mwaka 1987, kwa wastani wa watoto 3.3 kwa mwanamke, na sensa ya mwaka huohuo iliwakuta Wakazaki wakiwa asilimia 70 ya wananchi. Katika mikoa ya Turkistan na Mangystau wastani ulizidi watoto 4. Katika mikoa ya Kostanay na Kazakhstan Kaskazini, ambako Warusi waliobaki ni wengi na umri wao umesonga, ulikuwa wa watoto 2 hivi. Pengo kati ya mikoa hiyo limebaki pana hata sasa, zaidi ya miaka 20 baada ya mishahara kuanza kulipwa tena.